Egoli, Jozi, Joni: majina ya mji uliozaliwa na dhahabu

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu anafanya kazi Johannesburg. Akipiga simu leo anasema yuko Jozi, kesho yuko Egoli. Rafiki yake Mmalawi anaiita Joni, na kwenye karatasi za kazi imeandikwa Gauteng. Nimeambiwa kwamba Egoli ndilo jina la asili, la kabla ya Wazungu, na kwamba Johannesburg lilibandikwa juu yake baadaye. Ni kweli? Na mji mmoja umepataje majina mengi namna hii?"

Marahaba. Nianze na hilo la jina la asili, maana naulizwa mara nyingi, na anayeuliza huwa ameshasadiki. Hapana, Egoli si jina la kabla ya Wazungu. Watu walikuwapo kabla yao, hilo halina ubishi: kwenye vilima vya Klipriviersberg, kusini mwa jiji, kuta za mawe za makazi ya Watswana zinaonekana hadi leo, na pale Melville Koppies kuna mabaki ya tanuri walimoyeyushia chuma. Lakini hapakuwa na jiji, wala dhahabu ya ardhi ile haikuwa imefungua machimbo yoyote ya kuupa mahali jina. Jina lilikuja pamoja na mgodi. Ushahidi wake umo ndani ya neno lenyewe, na kwa mtu anayejua Kiswahili ni rahisi kuuona kuliko anavyodhani.

Kwa Kizulu dhahabu ni igolide. Sikiliza vizuri: ni neno la Kiingereza la dhahabu, gold, lililovikwa kiambishi cha Kizulu mbele na irabu nyuma, kama sisi tulivyofanya na kabati na shule. Kwa ufupi likawa igoli, na mji ukaitwa iGoli. Ukitaka kusema uko ndani ya mji huo au unaelekea huko, Kizulu hugeuza ile i ya mwanzo kuwa e: eGoli. Kwa hiyo mdogo wako anaposema "niko Egoli", tayari ameshatamka "mahali penye dhahabu". Tafsiri yake ya neno kwa neno kwa Kiswahili ingekuwa Dhahabuni.

Sasa mtazame jirani yake. Kwa Kisotho dhahabu ni gauta, na hili limetoka kwa Waholanzi na Makaburu, ambao dhahabu yao ni goud. Kisotho huonyesha mahali kwa kuweka -eng mwishoni: gauta ikawa Gauteng. Waxhosa nao walichukua neno hilohilo la Makaburu, wakalipitisha kwenye koo lao, likatoka eRhawutini. Hapo utaona kitu unachokijua tangu utotoni: -ini ya Kixhosa na -eng ya Kisotho ni ndugu wa -ni yetu ya Shimoni, Kigamboni, mjini, hata ile Bondeni tunayoiitia Afrika Kusini nzima. Watu watatu wa lugha tatu, waliofika kwenye mgodi mmoja, wameuita mji Dhahabuni kila mmoja kwa mdomo wake. Tofauti iliyopo ni kwamba Mzulu alilipokea neno la dhahabu kutoka kwa Mwingereza, Msotho na Mxhosa wakalipokea kutoka kwa Kaburu.

Usije ukahitimisha kwamba kwa kuwa neno ni la kuazima, basi Waafrika wa kusini hawakuijua dhahabu. Kule Mapungubwe, mji wa kale karibu na mto Limpopo, watu walikuwa wakiifua dhahabu kufikia karne ya 13, na faru mdogo wa jani la dhahabu aliyefukuliwa kule katika miaka ya 1930 ndiye shahidi. Dhahabu ya maeneo yale ya bara ilishuka hadi bandari ya Sofala, pwani ya Msumbiji, na kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, yaani ndani ya historia yetu wenyewe. Na sisi tulioiuza tunaiita dhahabu, neno la Kiarabu. Neno husafiri na soko. Huko Witwatersrand soko lilizungumza Kiingereza na Kiholanzi.

Witwatersrand ni ukingo wa vilima uliopewa jina hilo na Makaburu kabla mgodi haujafunguliwa: wit ni nyeupe, water ni maji, rand ni ukingo. Ukingo wa maji meupe. Mwaka 1886, kwenye shamba la Langlaagte, ulipatikana mwamba mkuu wenye dhahabu, na anayetajwa zaidi kuwa mgunduzi ni George Harrison, mtu aliyekuwa amepitia machimbo ya Australia. Aliuza haki yake ya kuchimba kwa bei ya kutupa, akaondoka, asisikike tena. Mwamba wenyewe ni kokoto nyeupe zilizogandamana ndani ya jiwe, na wachimbaji wa Kiholanzi waliuita banket kwa kuwa uliwakumbusha peremende yao ya lozi. Nalitaja jina hilo kwa sababu linaonyesha jinsi mgodi unavyozaa majina: mtu hukutana na kitu asichokijua, halafu hukiita kwa kitu anachokipenda.

Dhahabu ile haikuwa ya kuokota mtoni. Ilikuwa chembe ndogo mno ndani ya jiwe gumu, na kadiri jiwe lilivyozama ndivyo ulivyohitajika mtaji mkubwa, mashine za kusaga, na kuanzia 1890 sayanaidi, kemikali ya kuchenjulia dhahabu. Kwa hiyo haikuwezekana watu wachimbe mwaka mmoja na kuhama. Viwanja vya kwanza viliuzwa kwa mnada Desemba 1886 kwenye kipande cha ardhi ya serikali chenye umbo la pembetatu, kilichobaki katikati ya mashamba. Miaka 10 baadaye sensa ilihesabu watu zaidi ya 100,000. Jina lake rasmi mji ulikuwa umelipata tangu mwanzo, mwaka uleule wa 1886.

Huyo Johannes ni nani? Johannes ni Yohana, na burg ni mji au ngome, kwa hiyo Johannesburg ni Mji wa Yohana. Shida ni kwamba Mayohana walikuwa wengi. Serikali ya Paul Kruger, rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, ilituma watu wawili kukagua machimbo, Johann Rissik wa ofisi ya upimaji na Christiaan Johannes Joubert wa idara ya madini, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mji ulipewa jina lao wote wawili. Lakini yupo pia Johannes Meyer, ofisa wa serikali aliyekuwa pale machimboni, na Kruger mwenyewe alibatizwa Stephanus Johannes Paulus. Mimi naona maelezo ya Rissik na Joubert ndiyo yenye uzito, na barabara mbili za katikati ya jiji bado zinabeba majina yao. Ila angalia jambo hili: jina rasmi linamkumbuka karani aliyekuja kukagua. Majina mengi ya utani yanakumbuka kilichowaleta watu wengine.

Na watu hao walikuja kwa wingi usio wa kawaida. Kodi ya kichwa na ya kibanda ililazimu kila nyumba itafute fedha taslimu, kisha sheria ya 1913, iliyowazuia Waafrika kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi, ikawabana zaidi, na mgodi ukawa mlango uliobaki. Waliingia kutoka Zululand, Pondoland, Lesotho, Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo), hata kusini magharibi mwa Tanganyika. Kufikia miaka ya 1980 migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 500,000. Walilala kwenye kambi za wanaume peke yao, wakarudi kwao baada ya mkataba, wakaeleza walikotoka. Majina ya utani ya jiji yametengenezwa hasa katika maelezo hayo, mbali na jiji, mtu akiwa nyumbani kwake na wasikilizaji hawajawahi kufika.

Ndiyo maana Wazulu hawakuishia eGoli. Walilitungia jiji sifa, kama wanavyowasifu wafalme na ng'ombe wao. Inayojulikana kuliko zote ni hii: "eGoli, kwaNyama kayipheli, kuphela amazinyo endoda." Isome polepole, utashangaa unachokielewa. KwaNyama ni kwa Nyama, vilevile kabisa. Kayipheli ni haiishi. Amazinyo ni meno. Endoda ni ya mwanamume. Dhahabuni, kwa Nyama Isiyoisha, yanayoisha ni meno ya mwanamume. Kwa mtu wa kijijini, nyama ililiwa siku ya harusi au ya tambiko. Mjini ilinunuliwa kwa mshahara. Hiyo ndiyo sifa. Lakini meno yanaisha. Kijana anaingia mgodini na meno yote, anatoka mzee, na nyama bado ipo buchani inawasubiri wengine. Katika maneno machache yule mchimbaji amesema habari nzima ya kazi ya mkataba, na sijaona maelezo ya mwanahistoria yanayoishinda.

Sifa nyingine ni kwaNdonga-ziyaduma, kwa Kuta Zinazonguruma. Kila msikilizaji huielewa kivyake: kelele za jiji, magari, mwangwi kati ya maghorofa. Mimi husikia na kitu kingine. Ardhi ya Johannesburg hutikisika kweli. Miamba iliyochimbwa kwa kina kirefu hupasuka na kujisogeza, na mtetemo wake hugongesha vioo vya madirisha juu. Mtu aliyelala kambini jirani na shimo hakuhitaji kuambiwa kwamba kuta zinanguruma.

Basotho nao, pamoja na Gauteng, walikuwa na Makhooeng. Makhooa ni Wazungu. Weka ile -eng ya mahali, upate mahali pa Wazungu. Kwa Kiswahili tunalo neno hilohilo bila kupunguza kitu: Uzunguni. Mke aliyeachwa Lesotho aliposema mumewe yuko Makhooeng, kila mtu alijua yuko mgodini. Hapo dhahabu haitajwi. Anatajwa mwenye mgodi. Kisotho kina pia Maboneng, mahali pa taa, kutoka mabone; siku hizi ni jina la mtaa mmoja mashariki ya katikati ya jiji, lakini neno ni la zamani kuliko mtaa huo, na linaeleza kilichomgusa mgeni aliyefika usiku akitoka kwenye kijiji chenye moto wa kuni tu.

Sasa Joni ya rafiki wa mdogo wako. Hii ni Johannesburg iliyofupishwa na watu wa mbali: Wamalawi, Wazimbabwe, watu wa kusini mwa Msumbiji. Kwa mbali vile jiji na nchi vilichanganyika, kwa hiyo Joni inaweza kuwa Johannesburg na inaweza kuwa Afrika Kusini yote; huko Msumbiji waliokwenda na kurudi waliitwa majonijoni. Malawi kuna neno jingine linalokwenda nalo pamoja, Wenela. Mwaka 1900 makampuni ya migodi yaliunda chama cha kuajiri Waafrika kutoka nje, Witwatersrand Native Labour Association, kifupi chake WNLA, na midomo ya watu ikakisoma Wenela. Kituo kikuu cha mabasi cha Blantyre kinaitwa Wenela hadi leo. Chama kilisafirisha watu kwa treni, kwa lori, baadaye kwa ndege. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege yake iliyobeba wachimbaji wa Kimalawi waliokuwa wakirudi nyumbani ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78, na Rais Banda akasimamisha uajiri. Kwa familia nyingi za Malawi, Joni na Wenela si maneno ya mzaha hata kidogo. Ukimsikia rafiki huyo anasema Joni, huenda analitumia jina alilolirithi kwa babu yake.

Jozi ni jambo jepesi zaidi. Wasomaji kadhaa wamewahi kuniuliza kama linahusiana na jozi yetu, ya viatu au ya karata. Halihusiani. Ni kifupisho tu cha Johannesburg, kama Joburg na Joeys, kilichokolea katika lugha ya vijana wa vitongojini, ambao huchanganya Kizulu, Kisotho, Kiafrikana na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Lakini wepesi wake una maana. Aliyeunda jina Makhooeng alikuwa anakwenda na kurudi. Anayesema Jozi amezaliwa pale, au anataka ajulikane hivyo. Hana haja ya kutaja dhahabu, wala Mzungu, wala taa. Anafupisha jina kama mtu anavyomfupishia jina ndugu yake.

Upande wa Makaburu wapo waliosema Goudstad, mji wa dhahabu, na Waingereza walisema tu the Rand, yaani ule ukingo. Hilo la pili limefika mbali kuliko majina yote, kwa njia ambayo watu hawaigundui: mwezi Februari 1961 Afrika Kusini iliacha pauni na kuita sarafu yake mpya rand. Mdogo wako akituma fedha nyumbani, noti aliyopewa na mwajiri ina jina la vilima vya Johannesburg.

Gauteng inahitaji neno moja la ziada, kwa kuwa ndiyo inayowachanganya watu kwenye karatasi. Zamani lilikuwa jina la Kisotho la Johannesburg. Pamoja na uchaguzi wa 1994 majimbo yalipangwa upya, na jimbo lenye Johannesburg, Pretoria na Vereeniging lilianza kwa herufi tatu zisizo na ladha, PWV, yaani Pretoria, Witwatersrand na Vereeniging, kabla ya kupewa jina Gauteng muda mfupi baadaye. Hivyo jina la utani la mji likawa jina rasmi la jimbo, na Pretoria, mji wa serikali, ukajikuta umo ndani ya Dhahabuni. Wazee wa Kisotho bado husema Gauteng wakimaanisha Johannesburg. Kwenye fomu, hata hivyo, Gauteng ni jimbo na Johannesburg ni jiji.

Niongeze mfano mmoja wa tahadhari, kwa sababu wanafunzi wangu huupenda na pia hukosea hapo. Magharibi ya Johannesburg, karibu na Carletonville, kuna mgodi unaoitwa Mponeng. Ni miongoni mwa migodi mirefu kuliko yote duniani, karibu kilomita 4 kwenda chini, ambako joto la mwamba hupita nyuzi 60 na inabidi barafu ishushwe ili watu waweze kufanya kazi. Mwanafunzi akiona -eng ya mwisho husema upesi: "Ni mahali, kama Gauteng!" Sivyo. Kitenzi cha Kisotho bona ni ona yetu. Kikichukua kitendwa cha nafsi ya kwanza, b hubadilika: mpona, niona. Mpone ni nione. Ng ya mwisho ni ile -ni tunayoitumia tukiwaambia watu wengi, kama njooni na kaeni. Mpone-ng ni nione-ni. Nioneni! Shimo la kilomita 4 linawaita watu walitazame, na linawaita kwa sarufi yetu wenyewe.

Dhahabu yenyewe imepungua. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilitoa takriban tani 1,000 kwa mwaka mmoja. Siku hizi ni karibu sehemu moja ya kumi ya hiyo. Migodi iliyo chini ya jiji lenyewe imefungwa, na vilima vya rangi ya manjano vilivyobaki kusini, vile vya mchanga ambao wachimbaji wetu wangeuita marudio, vinapakiwa na kuchenjuliwa tena, na upepo wa Agosti hupeleka vumbi lake Soweto. Kwenye mashimo yaliyoachwa huingia sasa wachimbaji wasio na kibali wanaoitwa zama zama. Zama kwa Kizulu ni jaribu. Jaribu, jaribu tena. Ni jina jipya lililotoka mgodini kama yale ya zamani, na wengi wa wanaolibeba wanatoka Lesotho, Msumbiji na Zimbabwe, nchi zilezile za mikataba.

Kwa hiyo ukimwandikia, andika Johannesburg, kisha Gauteng. Ukizungumza naye, tumia jina analolitumia yeye siku hiyo, yote ni sahihi. Na akija likizo, mwulize pia jina ambalo halitamkwi. Daladala za kule husimamishwa kwa ishara, na kila ishara ni safari yake. Anayekwenda katikati ya Johannesburg husimama kando ya barabara na kunyoosha kidole cha shahada juu, basi. Dereva akikiona kidole hicho anajua abiria anakwenda wapi.